Maziwa Yangu Hayakuungua

Dar es Salaam, Jumapili baada ya misa

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mwangaluka mayu. Najua hapo ulipo umeshaitikia marahaba kabla msomaji hajamaliza neno, ndivyo ulivyo, na mimi huku nimeipokea. Goti linaendeleaje? Lile la kushoto, linalojua habari za mvua kuliko redio. Na sikio je? Kama bado linasumbua, mwambie anayekusomea akae upande wa kulia apaze sauti, maana barua hii si ya kunong'onezwa.

Anayekusomea ni mwanao Shija, mume wangu. Nani mwingine hapo nyumbani angesoma? Wewe shule hukuipata, na Nyamizi binti yako na herufi hawajawahi kuelewana. Baba Limi, na wewe nakusalimu. Lakini barua si yako, ni ya mama yako. Leo wewe ni macho yake tu. Isome ilivyoandikwa. Usiruke, usimeze maneno, na usikohoe mahali pasipo na kikohozi.

Sisi huku tupo. Mjukuu wako Limi amenenepa, Mama. Najua neno hilo tulilisema sana hapo nyumbani kwa kujipa moyo, lakini safari hii ni kweli kabisa. Ile bangili ya shanga uliyomvisha imembana, nimekata uzi nikaongeza shanga. Analala mdomo umefumba. Kule alikuwa analala mdomo wazi, kifua kinapiga filimbi mpaka jirani anasikia. Kikohozi kinakuja siku mojamoja na kuondoka. Tumbo limetulia, anakula wali na maharage, hata dagaa, na haja anapata kama watu wengine. Anajua kusema bibi. Akiona picha ya mwanamke yeyote mwenye kilemba anasema bibi, hata kwenye tangazo la sabuni. Mimi nacheka, halafu nageuka nafuta macho.

Tunaishi kwa shangazi yangu huku Mbagala, chumba cha nyuma. Mimi nafua. Asubuhi nazunguka kwenye nyumba za watu, nafua mashuka na majinzi mpaka vidole vinakunjamana, na Limi anakaa kwenye kanga kivulini na kijiko chake na kopo. Jua la huku linanata mwilini, si kama letu. Wala usidhani hewa ya huku ni ya peponi. Jirani yetu mmoja anachoma taka kila jioni, chupa za plastiki, nepi, viatu vibovu, na moshi mweusi ulikuwa unaingia dirishani kwetu bila hodi. Nilimfuata nikamwambia, dada, mwanangu ana kifua. Akaniambia kama nataka hewa safi nihamie Oysterbay. Nikahamia chumba cha nyuma, ndiyo Oysterbay yangu.

Nilipokuja na treni ile siku, tulipofika Kigwa tu, Tabora bado iko mgongoni, Limi akabanwa pumzi. Abiria mmoja mzee akampepea na kofia yake mpaka tukavuka vituo kadhaa. Nikakumbuka hadithi yako ya babu yako, alivyotembea njia hii hii kwa miguu hadi pwani na pembe ya ndovu begani, akarudi na kaniki moja na kikohozi. Wewe hucheka ukifika hapo kwenye kikohozi. Mimi kwenye treni sikucheka. Nilibeba mtoto tu, mwepesi kama kuku, na nilikuwa nimechoka kuliko babu yako.

Sasa Mama, kaa vizuri. Kama una ungo mapajani, uweke chini.

Unakumbuka Limi alizaliwa mvua zimekolea na bani la tumbaku linawaka. Ukanitandikia kitanda kwenye kile kibanda cha bani, pale ubavuni, paa lake la nyasi linaposhikana na tanuru la kukaushia tumbaku. Ulisema mzazi anataka joto, na joto la bure lipo pale. Ulinitandikia kwa upendo. Ukaleta na blanketi lako mwenyewe. Sikulaumu hata kidogo, maana na wewe ulilala pale na wanao, na hakuna aliyekuambia tofauti. Basi nikawa nalea na kuchochea. Shija anachuma, anafunga majani kwenye fito, anapandisha bani, na mimi nimekaa na mtoto ziwani mkono mmoja, mkono wa pili unasukuma gogo motoni. Kuni zenyewe zile za mvua, mbichi nusu. Unaujua moshi wake, unang'ang'ania hata kwenye nywele, ukijifunika kanga unaingia nao ndani.

Mtoto akaanza kukohoa. Halafu akaanza kuharisha, akapumzika, akaanza tena. Tukampa vidonge vya dukani, vile vya rangi mbili vya kwenye kopo, akatulia siku kadhaa, akaharisha zaidi. Kila mtu akasema lake.

Ndipo mkampeleka hospitali ya misheni. Mimi sikwenda. Unajua kwa nini sikwenda, kwa sababu bani lilikuwa katikati ya kukausha, na bani likipoa katikati jani lote linageuka uchafu. Nikabaki na moto. Shija akambeba Limi, wewe ukamfuata na bodaboda, na mlipofika waliruhusu mtu mmoja tu kuingia kwa daktari. Ukamwachia mwanao, wewe ukakaa kwenye benchi nje na akina mama wenzako. Umenisimulia mwenyewe habari za benchi hilo, jinsi lilivyokuwa na mguu mfupi.

Jioni mkarudi. Nakumbuka Shija alisimama pale kwenye kibanda, hata kofia hakuvua. Akasema, "Daktari amesema ni maziwa. Maziwa ya mama yake yana kasoro."

Na wewe Mama ukapiga paja ukasema, "Si nilijua! Yameungua. Kifua kimekaa na moto mno, maziwa yameungulia ndani."

Nikakuamini. Ningekataaje? Daktari kasema, mume kasema, mama mkwe kajua na sababu yake. Ukaniambia kwenu, maziwa yaliyoungua hayamwagwi ovyo, yanakamuliwa kwenye jivu la moto ulioyaunguza mpaka ziwa likauke. Nikakaa kwenye mdomo wa bani nikakamua. Mama, ulikuwepo. Uliona yalivyokuwa meupe. Yalikuwa yanatoka kwa nguvu yakichimba vishimo kwenye jivu, na Limi amekaa mgongoni kwako analia kwa kuyanusa. Ukanifunga kitambaa kifuani, ukakaza, ukanipa pole. Wanawake wa jirani wakaja kuniangalia kama wanaangalia nyumba iliyoungua. Kuanzia hapo nikawa yule mwenye maziwa mabaya. Kisimani wananipisha, wananionea huruma. Nyamizi mwenyewe aliniuliza kama na mtoto wa pili itakuwa hivyo hivyo. Nikamwambia Mungu ndiye anayejua.

Na mwanao Shija alikuwa wapi nilipokuwa nakamua? Alikuwa hapo hapo, hatua chache, anafunga tumbaku kwenye fito. Aliinua macho akanitazama. Halafu akarudisha macho kwenye kamba yake akaendelea kufunga.

Baba Limi, hapo usiharakishe. Rudia sentensi hiyo, Mama aisikie vizuri.

Halafu likaja lile lililotumaliza wote. Mimi nikakauka ziwa, na siku hizo hizo tumbaku ikaisha, bani likazimwa. Kiangazi kikaingia, tukarudi kulala nyumba kubwa. Limi akapata nafuu! Akaanza kutambaa, akaota na kijishavu. Wewe ukatembea kijiji kizima unasema, mnaona, lilikuwa ziwa, tumeliondoa na mtoto kapona. Na mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo, nikamshukuru Mungu kwa kuninyang'anya maziwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza shingo akaliangalia bani lililozimwa. Mvua ziliporudi, moto ukawashwa, nikarudishwa kibandani kuchochea, mtoto mgongoni, akaugua vibaya kuliko mwanzo. Tukasema ni mabaki ya maziwa yaliyoungua, bado yamo mwilini. Hivyo ndivyo tulivyosema, Mama. Hadi alipobadilika rangi ya midomo, hospitali wakatuandikia kuja huku.

Huku tuna daktari wa watoto, binti mdogo tu, anavaa miwani inayomteleza puani. Hana haraka. Aliniuliza kila kitu tangu tumbo mpaka leo. Nilipofika kwenye maziwa kuungua akaweka kalamu chini.

Akanieleza jambo, na mimi nakueleza nilivyolielewa. Anasema ndani ya mwili wa kila mtu vinaishi vijidudu vingi, vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Viko puani, mdomoni, kifuani, na vingi zaidi viko tumboni. Nilishtuka nikajishika tumbo. Akacheka akasema si vyote vibaya. Vingi ni vyema, vinasaidia chakula kusagika, vinaufundisha mwili wa mtoto kumjua adui, na vinajaza nafasi ili vile vikorofi vikose pa kukaa. Mtoto anaanza kuvipata kwa mama yake tangu siku anayozaliwa, na maziwa ya mama ndiyo yanavilisha. Sasa moshi, anasema, una chembe ndogo kuliko unga. Nyingine zinabaki kifuani. Nyingine zinapanda kooni na makohozi, tunazimeza, zinateremka tumboni. Kote huko zinawavuruga wale wenyeji wema. Vingine vinapungua, vile vikorofi vinapata nafasi, utumbo unachubuka na kuvimba, mwili unakuwa na hasira na kila kitu, hata na uji. Ndiyo maana kifua na tumbo la Limi vilikuwa vinaugua kama vimeagana. Na vile vidonge vya rangi mbili tulivyokuwa tunampa bila kupimwa, navyo vikiua havichagui.

Akasema pia, na hili nalisema ili haki itendeke, kwamba mambo haya wataalamu bado wanayachunguza, na hawezi kuapa kwamba ugonjwa wote wa Limi ulitoka kwenye moshi peke yake. Mtoto anaweza kuzaliwa na kifua chepesi. "Lakini," akasema, "kwenye moshi ule mimi nisingemwacha hata siku moja. Na ziwa ndilo lingekuwa kitu cha mwisho kumnyima."

Nikamwuliza, kwa hiyo ni kama kibuyu cha mama mkwe wangu? Akasema kibuyu gani? Nikamweleza. Unakumbuka Mama, kile kibuyu chako cha maziwa ya mgando, usichokiosha kwa sabuni, unachosuuza kidogo tu na kuacha mabaki yagandishe maziwa mapya? Msimu ule ukakitundika kwenye kibanda cha bani, juu ya tanuru, kisije kikaguswa na watoto. Maziwa yakakataa kuganda. Yakakatika, maji huku, vipande huku, yananuka. Ukayajaribu tena na tena, ukasema, "Kibuyu kimekufa." Hukulaumu ng'ombe. Hukusema ng'ombe ana maziwa mabaya. Ulikishusha kibuyu ukakitoa mle kibandani. Daktari alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema si sawasawa kabisa, pale ni joto zaidi, lakini nikirudi nyumbani nieleze hivyo hivyo, nitaeleweka.

Mama, kibuyu tulikitoa. Mimi na mjukuu wako tukabaki.

Sasa ndiyo nafika penyewe. Daktari alitaka kujua nyumba yetu ilivyokaa, bani liko wapi, upepo unavuma wapi, ili ajue lini atatuachia turudi. Akaomba namba ya baba wa mtoto. Akapiga, akaweka simu mezani, spika wazi, sote tunasikia. Mimi sikutoa sauti, Limi alikuwa amelala begani. Nikasikia upepo, nikajua Shija amepanda kwenye kichuguu chetu cha mtandao. Aliitika kwa adabu sana, unavyomjua akiongea na wakubwa.

Daktari akamwuliza, "Mtoto alikuwa analala wapi?"

"Kwenye kibanda cha bani, daktari. Na mama yake. Kuna joto pale."

"Na hakuna aliyewaambia muwatoe kwenye moshi?"

Mama, nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu daktari kwamba hakuna. Shija akanitangulia.

Akasema, "Tuliambiwa, daktari. Daktari wa huku aliniambia tangu msimu ule wa kwanza. Alisema niwatoe kwenye moshi, na alisema mtoto asiachishwe ziwa, ndiyo dawa yake. Lakini ningefanyaje, daktari? Tumbaku ilikuwa imeshaiva shambani. Na mchochea moto ni huyo huyo mama yake."

Hivyo ndivyo alivyosema. Sijaongeza wala kupunguza. Hata sauti haikutetemeka, aliongea kama mtu anayeeleza habari za mvua kuchelewa.

Daktari akanigeukia, akaniuliza polepole, "Mama, wewe ulikuwa unajua?" Shija akaisikia sauti hiyo. Akasema, "Mama Limi yupo hapo?" Halafu simu ikakatika. Inawezekana ni mtandao. Mimi nasema aliikata.

Baba Limi, kama umenyamaza hapa, endelea. Mama, barua hii imeletwa na Mama Anna, mke wa katekista, aliyekuja huku kumwangalia binti yake. Nilimwomba akishakukabidhi asiondoke, akae hapo mpaka mwisho. Ameshaisoma, anajua kila mstari unasemaje. Mama Anna, pole kwa kazi hiyo, na asante. Mpeni chai.

Tangu siku ile amepiga simu mara nyingi. Naipokea, nampa Limi aseme baba, naikata. Siyo jeuri. Ila nikiongea naye yuko juu ya kichuguu, mimi niko juani kwenye beseni la nguo za watu, atasema samahani tutayazungumza, nitasema haya, na yataishia hapo kama mambo yetu mengine yanavyoishia. Ndiyo maana nikaandika.

Mama, nimesalitiwa. Sina neno dogo kuliko hilo. Angekuja akaniambia, mama Limi, daktari amesema moshi, lakini tumbaku imeiva na sina mtu mwingine, tufanyeje, tungepiga kelele, tungegombana, halafu tungepata njia. Ningechochea mchana mtoto akiwa kwako nyumba kubwa. Ningeleta mdogo wangu kutoka Choma. Ningemwambia tuache nusu ya jani lioze. Au ningekataa, ndiyo, ningekataa, na hilo ndilo aliloliogopa. Kwa hiyo akachukua maneno ya daktari akayageuza nje ndani. Kilichoambiwa kitoke kikabaki, na kilichoambiwa kibaki kikatolewa. Akaliokoa jani, akanipa mimi lawama niibebe mgongoni pamoja na mtoto.

Na usidhani ni mimi peke yangu. Wewe pia, Mama. Ulivaa kanga yako nzuri ukaenda ukakaa kwenye benchi lenye mguu mfupi ili mjukuu wako apone, na aliyetoka mlangoni akakudanganya. Mikono yako ndiyo iliyonifunga kitambaa. Alikutumia mikono yako, na akakuacha utembee kijiji kizima ukitangaza uongo wake kwa furaha. Nimelifikiria hilo sana hapa ninapofua. Nilikuwa na hasira na wewe kwanza, nakuambia ukweli. Nilikuwa nakamua mashuka nakuona wewe. Hasira hiyo imeisha, imehama, imekwenda kwa mwenyewe.

Nilimwuliza daktari kama maziwa yanaweza kurudi. Akasema zamani zile, siku za mwanzo, wangejaribu. Sasa hapana. Limi akishtuka usingizini bado anaingiza mkono kifuani kwangu kutafuta. Namwachia atafute.

Sasa ninalokuomba, na ndilo lililonifanya ninunue karatasi. Mama Anna ameniambia Nyamizi amerudi kwako kujifungua, uzao wake wa kwanza, na siku zake zimefika. Ameniambia bani linafagiliwa. Ameniambia umeshakitandika kitanda kibandani na lile blanketi lako.

Mama, mtoe. Leo, kabla hujala. Mlaze nyumba kubwa, chumba chako, mvalishe sweta mbili, mchemshie maji, mkumbatie mwenyewe kama ni joto. Asichochee. Mtoto akija anyonye mpaka achoke. Akikohoa, akiharisha, nenda naye hospitali na safari hii ingia wewe. Wakisema mtu mmoja, ni wewe. Usikae kwenye benchi.

Shija ametuma ujumbe kwa shangazi yangu kwamba msimu umefika, nirudi, kazi ni nyingi. Kazi ni nyingi! Hajauliza daktari amesemaje. Limi kwenye moshi harudi, hilo hata halina mjadala. Mimi kurudi kunategemea jambo moja, nitakuambia mwishoni.

Nisalimie Nyamizi, mwambie swali aliloniuliza kisimani sasa nina jibu lake, na Mama utampa. Nisalimie shemeji yangu mchunga ng'ombe, mwambie ndama niliyemwacha asimwuze bila kuniuliza. Nisalimie mama mdogo wa Shija, fundi wa vyungu, na ule mguu wake. Katekista naye umsalimie, mke wake ametusaidia sana. Na wale wanawake wa kisimani, wote walionipisha, wasalimie mmoja mmoja kwa jina, uwaambie maziwa yangu yalikuwa mazima.

Sasa jambo lenyewe. Haya yote umeyasikia kutoka kwangu, kwa mdomo wa Shija, lakini ni maneno yangu. Yeye hajakuambia kitu bado. Hapa chini nimeacha karatasi wazi, Mama, nafasi ya mistari kadhaa. Hakuna kilichoandikwa, Mama Anna ni shahidi. Baba Limi, ukifika hapo shusha karatasi, mtazame mama yako usoni, umwambie kwa maneno yako mwenyewe daktari wa misheni alikuambia nini siku ile, na wewe ulituambia nini.

Akisema, Mama, nitumie salamu kwa Mama Anna, nitakuja tuzungumze kama watu wa nyumba moja. Ukiona anaruka nafasi hiyo na kusoma jina langu, basi mimi usiningoje.

&nbsp;

&nbsp;

&nbsp;

Ni mimi mkweo,
Milembe, mama yake Limi